Barua ya Babu Wilf kwa Kampuni ya Maji

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tilda Rutter alipeleka vikombe viwili vya chai nyuma ya nyumba. Kimoja kilikuwa cha Babu Wilf, ambaye saa hizo alikuwa ameshapiga magoti kati ya vitunguu liki vyake, alivyovikuza kwa mashindano ya bustani. Cha pili alikipitisha juu ya ukuta kwa jirani yao, Mzee Cuddy, aliyekuwa akiwafungulia njiwa wake.

"Wilf! Hivyo vitunguu vyako bado vimedumaa tu?" Mzee Cuddy aliuliza.

"Bora hivi kuliko hao kuku wako wanaojifanya njiwa!" Babu alijibu bila kuinua kichwa.

Ndivyo walivyosalimiana. Walikuwa wamechimba makaa ya mawe pamoja pale Ashington, Uingereza, kwa miaka ishirini na mitatu, mpaka mgodi ulipofungwa. Mzee Cuddy alikuwa na njiwa thelathini na mmoja, wote uzao wa njiwa aliowalea marehemu mkewe, Nora. Kila mmoja alikuwa na jina lake.

Mwaka ule magoti ya Babu yalianza kumsumbua, na kubeba ndoo kukamshinda. Akaamua kuvuta bomba kutoka jikoni hadi kwenye tangi dogo bustanini. Humo angechanganya mbolea na dawa ya wadudu, kisha maji yajimwagie yenyewe kwa mipira yenye matundu.

"Si ufunge tu, Babu? Bomba ni lako, bustani ni yako," alisema Tilda.

"Maji siyo yangu peke yangu, mjukuu wangu. Yanapita mtaa mzima. Kazi kama hii, lazima kwanza uiarifu kampuni inayotuletea maji. Siyo halmashauri, siyo fundi. Kampuni yenyewe, tena kabla hujagusa kitu. Wakinyamaza siku kumi za kazi, ndipo naruhusiwa kuanza."

Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, kwa hiyo mchoro wa mabomba ulimchukua jioni tatu. Siku ya Ijumaa alimkabidhi Tilda bahasha aiposti.

Njiani Tilda alikutana na rafiki zake wakienda kununua vibanzi. Aliweka mkoba wake, wenye ile bahasha, wazi juu ya ukuta wa barabarani, wakala, wakacheka. Mvua ikanyesha ghafla. Alipoichukua bahasha ilikuwa imelowa chapachapa, wino umetapakaa, mchoro hausomeki. Aliogopa kuirudisha nyumbani. Akaitupa kwenye pipa la taka.

"Umeiposti?" Babu aliuliza.

"Nimeiposti, Babu."

Alijiambia angesema kweli kesho yake. Kesho ikawa kesho kutwa. Babu akawa anakata tarehe kwenye kalenda, na siku ya kumi ilipopita akapiga makofi. "Wamenyamaza! Basi hawana neno." Tilda alifungua kinywa aseme, lakini Babu alikuwa ameshaokota bomba lake huku akipiga mluzi.

Jumamosi moja mwezi wa Juni, bomba kuu lilipasuka chini ya mtaa. Maji yakakatika kwa saa mbili, kisha yakarudi. Kabla ya adhuhuri Tilda alisikia sauti upande wa pili wa ukuta, sauti ya mtu mzima analia. Alichungulia. Mzee Cuddy alikuwa amekaa chini, njiwa wamelala kumzunguka, mmoja akitapatapa mapajani mwake.

"Nimewapa maji tu," alikuwa akisema. "Nimewapa maji tu jamani."

Mkaguzi wa kampuni ya maji, Bi Ferriby, alifika baada ya saa moja. Alinusa maji ya Mzee Cuddy, akakataza mtaa mzima kunywa, kisha akaingia bustanini kwa Babu. Alilitazama tangi kwa muda mrefu.

"Mdomo wa bomba lako umezama ndani ya dawa, mzee. Bomba kuu lilipopasuka, maji yalirudi nyuma, yakaivuta dawa kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija, ikaingia kwenye maji ya mtaa. Uliitoa taarifa?"

"Niliitoa, na mchoro juu."

"Hatukupokea kitu. Tungeuona mchoro, tungekuambia uache nafasi kati ya bomba na tangi."

"Basi imepotea kwenu huko!" Babu alimshika Tilda begani. "Huyu hapa ndiye aliyeiposti. Na mjukuu wangu hasemi uongo."

Tilda alihisi joto la kiganja kile kupitia shati lake. "Sikuiposti, Babu," alisema. "Ililowa. Niliitupa."

Mkono wa Babu ukaondoka begani polepole. Hakumgombeza. Aligeuka tu, akaanza kulikata bomba, na mara mbili msumeno ulimponyoka.

Tilda akaenda kwa Mzee Cuddy peke yake. Alimweleza yote, akilia.

"Wamebaki wanne," mzee alisema. "Nora alinifia mara moja. Leo amenifia tena." Kisha akasema, "Nenda nyumbani, binti. Hata hasira sina."

Jioni Babu aling'oa vitunguu vyote vya mashindano, maana ndipo palipokuwa na udongo laini. Yeye na Tilda wakachimba, Mzee Cuddy akawazika njiwa wake mmoja mmoja, akiwataja majina.

Kampuni ilisafisha mabomba ya mtaa. Babu aliandika taarifa nyingine, Bi Ferriby akaja kukagua, na mara hii tangi likafungwa inavyotakiwa. Kila alasiri Tilda alienda kusugua banda la njiwa wanne. Kwa wiki tatu Mzee Cuddy hakumsemesha. Wiki ya nne akamwambia, "Kesho njoo mapema, nikuonyeshe namna ya kumshika njiwa bila kumwumiza."

Tilda alipomsimulia hayo, Babu alimvuta karibu.

"Na mimi nina kosa langu. Simu moja tu kwa kampuni ingenihakikishia. Lakini sikiliza, mwanangu. Barua ililowa, ile ilikuwa bahati mbaya. Ungeniambia, ningekasirika mpaka wakati wa chakula, kisha ningekaa jioni tatu nyingine niichore upya. Uongo ulikuokoa na hasira yangu ya jioni moja, ukamgharimu mwenzangu kila alichoachiwa na mkewe. Ukiharibu kitu, sema siku hiyohiyo, kingali kidogo. Barua huandikwa tena, Tilda. Njiwa wa Nora hawaandikwi tena."