Uzito wa Wawili

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya milima Josée alipofika mtoni, mtoto wake Annie mgongoni, ndagala za jioni, wale dagaa wa ziwani, kwenye beseni. Akainama, akaokota jiwe.

Tangu mafuriko yabebe daraja, watu wa upande wa juu wa mto Mulongwe wanavukia reli mbili za zamani, chuma cha treni ya wakati wa Wabeleji, zimelazwa juu ya maji na mbao zimefungwa katikati. Mtu mmoja zinambeba. Wawili, zinapinda mpaka maji yanalamba mbao. Kwa hiyo unagonga reli mara moja, unaweka sikio. Aliye juu yake anajibu mara mbili: ngoja. Ukisikia kimya, pita. Mto unameza sauti ya mtu, lakini chuma hakijali mto. Shuleni Josée alifundishwa kwamba ndani ya chuma sauti inakimbia mara kumi na tano zaidi ya hewani.

Anne-Marie, muuza mihogo wa pale kando, alikuwa anafunga mzigo wake. Akacheka.

"Mama Annie! Ile chuma iko na redio? Wanasema nini huko Kinshasa?"

"Uniache nisikilize, mama. Weye unajua yaya wangu alifia wapi."

Anne-Marie akameza kicheko, akajitwika mzigo, akaenda.

Miezi miwili tu imepita. Claude, kaka yake mkubwa, yaya wake, aliyekuwa akiburuta mguu wa kushoto tangu utotoni, alianguka hapa na mto ukamchukua. Ziwa halikumrudisha. Gaspard, mume wa Josée, alikuwa ng'ambo siku ile na pikipiki yake. Aliapa hakusikia kitu kwenye chuma.

Josée akagonga.

Ngo.

Akaweka sikio. Baridi.

Ta... shrrr. Ta... shrrr.

Mtu anavuka. Akainua macho. Mbao tupu! Akajiambia ni chuma kinapoa, mchana jua linakitanua, jioni kinajikunja, kinalia, hata hilo walifundishwa, ni hilo tu, ni hilo tu...

Lakini chuma kinachopoa hakiburuti mguu.

Harufu ya tope ikampanda puani. Mgongoni, Annie akacheka, kile kicheko anachomchekea mtu anayemjua.

Hatua zikasimama. Hapo hapo, penye sikio lake.

"Josée..."

"Yaya?"

"Nilikuwa katikati. Akagonga. Nikamjibu mbili..." Sauti ilitoka ndani ya reli, kama ya mtu aliyebana mdomo kwenye chuma. "Alisikia. Akaingia na pikipiki. Akaniambia, kiwete, toka."

Ng'ambo, tochi ikawaka. Gaspard, amekuja kumpokea kama kila jioni.

Ngo. Anaomba njia.

Jiwe lilikuwa mkononi mwa Josée. Agonge mara mbili tu, na baba wa mtoto wake angebaki nchi kavu. Akaliinua. Akamkumbuka Claude akimfuta machozi kwa kanzu yake ya kanisani, akaukumbuka uso wa Gaspard kwenye matanga, unalia, unakula, unalia tena.

Akalilaza jiwe kwenye majani, polepole, lisitoe sauti.

Tochi ikaanza kuvuka. Na kutoka sikioni mwake zile hatua zikageuka, zikaenda kuipokea.

Ta... shrrr. Ta... shrrr.

Katikati, reli zikapinda.

Chini ya mtu mmoja! Zikapinda mpaka maji yakalamba mbao. Tochi ikasimama, ikatetemeka. Ilikaa pale muda mrefu. Kisha ikaja.

Gaspard akakanyaga ukingo, mzima, nguo kavu. Nyuma yake mbao za mwisho zilikuwa bado zimelemewa. Akapiga hatua mbili. Ndipo reli zikainuka, pwaa, kama mzigo umeshuka.

Josée akamvuta Annie kifuani.

"Mama Annie," Gaspard akanong'ona. Hakugeuka nyuma. "Ulisikia nikigonga?"

"Hapana. Mto iko na kelele."

Gaspard akamtazama.

"Na miye ndivyo nilimwambia, sasa hivi, pale katikati. Amekataa."

"Amesema nini?"

"Amesema tutaongea nyumbani. Sisi wote watatu."