Swichi Niliyoificha Chini ya Kiti

Nina umri wa miaka sitini na moja. Naishi peke yangu hapa Bariadi, chumba kimoja nyuma ya karakana yangu ndogo ya pikipiki. Wateja wangu wananiita fundi mwaminifu. Wakiniita hivyo nainamisha kichwa, nao wanadhani ni unyenyekevu... Mwaminifu! Laiti wangejua.

Ndugu wasomaji, haya ninayoyaandika sijawahi kumwandikia mtu. Mnihukumu mtakavyo.

Kwetu ni upande wa Sola, wilaya ya Maswa. Nilijifunza ufundi kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba. Likaja soko huria, wanunuzi binafsi wakaanza kupita vijijini na malori yao, na kiwanda chetu kikapunguza watu. Nikarudi nyumbani kulima na mke wangu Holo, watoto wetu wawili, mama yetu mzazi, na kaka yangu Nyanda na familia yake. Tuliishi mji mmoja, nyumba zetu kwenye uwanja mmoja.

Mwaka wa kwanza wa soko huria pamba ilitutendea vizuri. Mimi na kaka tukachanga, tukanunua pikipiki kubwa iliyoachwa na mtaalamu wa mradi wa maji aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Haikuwa kama pikipiki nyingine. Ilikuwa na rejeta kama gari, na nyuma ya rejeta kulikuwa na feni ya kupoza maji ya injini. Watu walikuja kuitazama tu!

Ilikuwa yetu sote wawili. Lakini kaka ndiye alikuwa mkubwa, na ndiye aliyeiendesha. Wanunuzi wa pamba walimpenda, wakamfanya mtu wao wa kuwaonyesha mashamba. Kila alikopita aliitwa "mwenye pikipiki". Mimi niliyekuwa nalala chini ya hiyo pikipiki, mafuta mpaka kwenye nyusi, nani aliniita chochote?

Wivu ulianza hivyo. Kidogo kidogo... nami nikaulea.

Siku moja feni ikafa. Mota yake ilikuwa imeungua, na kile kidude kinachohisi joto la maji na kuiwasha feni chenyewe nacho kilikuwa kimekufa. Kaka akafunga safari hadi Mwanza akaniletea feni ndogo ya gari la mtumba. Niliifunga nyumbani, chini ya upenu wa jiko. Nilimwaga maji ya rejeta, nikafungua ile iliyoungua, nikapiga msasa mabawa ya hii nyingine mpaka yakaenea. Kazi ya siku mbili, na niliifanya vizuri. Ile feni ilivuma!

Kwa kuwa kidude cha joto hakikupatikana, ilibidi niweke swichi ya kuwasha kwa mkono. Mahali pake palikuwa kwenye usukani, mwendeshaji aione. Hata mwanafunzi wa ufundi analijua hilo.

Mimi niliificha chini ya kiti, nyuma ya betri. Sikumwambia mtu. Hata Holo sikumwambia.

Kaka alipouliza, nilimjibu kwamba feni itajiwasha yenyewe, na injini ikichemka ajue ameikimbiza mno.

Mnaelewa nilichokifanya? Nikiwa nyumbani niliiwasha. Nikitaka kumkomoa, niliizima kabla hajaondoka. Mara mbili alirudi anaisukuma, jasho linamtoka, anaomba radhi kwamba ameichemsha tena! Mimi napitisha mkono chini ya kiti, naizungusha uwanjani, haichemki. Majirani wakaanza kusema pikipiki inamtii Limbu, yaani mimi. Nilifurahi... Mungu wangu, nilifurahi kweli!

Ikafika masika. Holo alikuwa na mimba ya tatu, na kwa hesabu zetu zilibaki wiki tatu ajifungue. Nikasikia mnunuzi mmoja wa Bariadi anatafuta fundi wa malori yake. Asubuhi nikadandia lori kwenda kujaribu bahati yangu. Kabla ya kuondoka nilipita pale pikipiki ilipoegeshwa. Mkono wangu huu ninaoandikia ukaingia chini ya kiti, ukazima swichi.

Kwa nini? Nilitaka kaka anikumbuke nikiwa mbali. Basi. Sina sababu nyingine.

Kazi niliipata. Nilirudi kesho yake alasiri, nimemnunulia Holo kitenge. Nikiwa bado njiani nikaona watu wengi wamekaa chini uwanjani kwetu. Wanawake waliponiona wakaanza kulia.

Niliyoyakosa alinisimulia mke wa kaka. Siku niliyoondoka, jua likiwa utosini, Holo alianza kutokwa damu. Kaka hakupoteza muda. Alimpandisha pikipiki, mkewe akakaa nyuma kumshikilia, wakaelekea hospitali mjini Maswa. Njiani kuna mbuga ya udongo mweusi, na hapo mvua ilikuwa imeharibu barabara. Walijiburuza kwa gia namba moja, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Injini ikachemka. Kaka akavua shati, akachota nalo maji ya dimbwi, akaimwagia. Akasubiri. Ikawaka. Ikachemka tena... Mara ya tatu injini ikanoki, ikafa kabisa.

Kaka alikimbia kwa miguu kutafuta mkokoteni wa ng'ombe. Aliporudi nao, Holo alikuwa bado anapumua. Aliniuliza mimi, kama nimesharudi.

Hawakufika mjini. Alikufa yeye na mtoto aliyekuwa tumboni.

Siku ya mazishi kaka alinifuata nyuma ya zizi. Macho yamevimba, matope yamemkaukia suruali.

"Limbu, mdogo wangu," alisema, "naomba uniambie. Sikuisikia ile feni ikivuma hata mara moja. Uliifunga sawasawa?"

Wasomaji wangu, hapo ndipo pangeweza kuwa mwisho wa ubaya wangu. Angenipiga, watu wangenilaani, na ningestahili. Nilifungua mdomo niseme ukweli.

Nikasema, "Niliifunga vizuri, kaka. Uliikimbiza mno."

Alinitazama, akaitikia kwa kichwa. Aliniamini!

Mama mkwe wangu alikuwa karibu, akasikia. Mbele ya waombolezaji wote akamnyooshea kaka kidole, akapiga kelele: "Umeniulia mwanangu kwa kupenda mwendo!" Hakuna aliyemtetea. Mimi, mwenye kuujua ukweli, nilitazama chini.

Baada ya matanga niling'oa ile swichi nikaitupa chooni.

Kaka alianza kunywa. Mama yetu alikataa salamu yake. Kila asubuhi kaka alisimama mlangoni akimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, na mama anageuza uso ukutani. Mwaka haukuisha, kaka akahama na familia yake, akaenda Nassa kulima mpunga. Mama alifariki hawajasemezana. Mimi nilimfunika mama shuka, bado nimenyamaza!

Miaka ikapita mingi. Mpaka nikasikia kaka ni mgonjwa, hainuki tena. Nikaenda Nassa. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, amebaki mifupa. Alifurahi kuniona, akamwambia mkewe anichinjie kuku. Nikapiga magoti nikamwambia yote. Feni, swichi, ile asubuhi niliyoondoka kwenda Bariadi.

Kisha akauliza jambo moja tu.

"Mayu alijua?"

Nikasema hapana.

"Basi alikufa anadhani ni mimi."

Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, hana nguvu za kuyafuta. Nilinyoosha mkono, akageuza uso. "Nenda, Limbu. Na nikifa usije."

Alifariki kabla ya mavuno. Sikwenda. Waliozika wakauliza mdogo wa marehemu yuko wapi, na mke wa kaka, aliyesikia yote siku ile nilipoungama, akawaeleza sababu. Binti yangu Kabula alikuwa pale, akasikia jinsi mama yake alivyokufa. Alinipigia simu mara moja tu, akasema, "Baba, ni kweli?" Nikasema ni kweli. Simu ikakatika. Huu ni mwaka wa tatu sijamsikia tena.

Nilimwomba Mungu msamaha, lakini niliowakosea wako kaburini. Nimwendee nani?

Wewe unayesoma, kama umembebesha ndugu yako kosa lako, inuka sasa hivi uende kwake. Usingoje augue. Nenda angali na nguvu za kukupiga, na mama yenu angali hai asikie. Mimi nilichelewa, na sitegemei kusamehewa na mtu yeyote.