Barua Iliyolala Ndani ya Begi

Kila Jumatatu, nusu saa kabla ya kengele ya asubuhi, Chiriku alifungua chumba kidogo kilicho kando ya maktaba ya shule. Alifuta vumbi mezani, akapanga viti kumi na viwili, kisha akakaa kwenye kile cha mbele. Chumba hicho kilikuwa cha Kamati ya Hisani, na yeye alikuwa mwenyekiti wake kwa mwaka wa pili.

Jina lake halisi lilionekana kwenye ripoti za mtihani tu. Wenzake walimwita Chiriku, kama yule ndege asiyefunga mdomo, na walimu nao wakazoea. Shule yao ilikuwa ya kimataifa. Darasani mwao pekee kulikuwa na watoto kutoka nchi tisa, na wote walikuwa wamewahi kuchangia kitu kwa sababu ya maneno yake. Mpishi wa shule alikuwa akisema, "Huyo mtoto akikuomba shati, utajikuta umempa na suruali."

Kila mwaka kamati ilikusanya michango kwa ajili ya shule ndogo iliyokuwa nyuma ya kituo cha mabasi. Chiriku ndiye aliyetangaza, ndiye aliyekabidhi zawadi, na ndiye aliyepigwa picha. Picha ya mwaka uliopita ilitundikwa sebuleni kwao, juu ya televisheni, ambapo hata mgeni wa dakika tano asingeikosa.

Mwaka huu akaja Sindano. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, aliyehamia shuleni muhula uliopita. Hakuwa msemaji. Lakini kwenye kikao cha kwanza aliinua mkono na kusema taratibu, "Badala ya kuuza keki kila mwaka, kwa nini tusioshe magari ya wazazi siku ya kikao chao? Watakuwa ndani saa mbili nzima, na magari yapo tu."

Jumamosi ya kikao cha wazazi, uwanja wa magari ulijaa povu. Wazazi walicheka, wakatoa kwa moyo, na wengine wakarudi na gari la pili. Michango ya siku moja ilipita ya mwaka mzima uliotangulia.

"Chanda chema huvikwa pete," alisema Mwalimu Mlezi wa kamati, akimpongeza Sindano mbele ya shule nzima Jumatatu asubuhi.

Chiriku alipiga makofi kwa vidole tu. Kifuani alihisi kitu kama kaa la moto. Siku hiyo alihesabu: hadi saa ya chakula, jina la Sindano lilikuwa limetajwa mara kumi na saba. Lake lilitajwa mara mbili, na mojawapo ni pale alipoambiwa anyamaze. Hata rafiki yake, waliyeitana Pacha kwa vile hawakuachana, alibeba sahani yake akaenda kukaa na Sindano.

"Nakuja, Chiriku," alisema. "Nataka tu kumwuliza kitu."

Hakurudi mpaka kengele ilipolia.

Sasa ilibaki kuamua michango itumiweje. Chiriku alikuwa na wazo lake: bembea kubwa ya chuma, ya rangi nyekundu na buluu, yenye kibao cha majina ya wanakamati. Jina la mwenyekiti lingetangulia, bila shaka. Sindano alikuwa na wazo jingine. Shangazi yake aliishi karibu na ile shule ndogo, na yeye alikuwa ameona jinsi wanafunzi wenye viti vya magurudumu walivyopata taabu kupanda ngazi za madarasa. Alitaka wajenge njia ya mteremko.

"Tusibishane," Mwalimu Mlezi alisema. "Tutawaandikia tuwaulize wanahitaji nini. Wakijibu, tutapiga kura."

Jumatano mchana, dereva wa basi la shule, ambaye watoto wote walimwita Mjomba, alimwita Chiriku pale langoni.

"Mwanangu, njoo. Nimepita ile shule ndogo, mwalimu mkuu wao kanipa barua hii. Imeandikwa 'Kwa Kamati ya Hisani.' Si ndiyo wewe huyo?"

"Ndiyo mimi, Mjomba. Asante."

Chiriku aliisomea nyuma ya maktaba. Iliandikwa kwa mkono, kwa herufi za duara na mistari iliyonyooka.

"Tunashukuru kwa kutuuliza kwanza. Watoto wetu wana uwanja na mipira, hawakosi pa kuchezea. Kinachotutesa ni ngazi tano za madarasa na mlango mwembamba wa choo. Tuna wanafunzi wawili wa viti vya magurudumu. Mkitusaidia kwa hilo, mtakuwa mmetusaidia sote."

Aliisoma mara ya pili. Ilikuwa kana kwamba Sindano ameiandika mwenyewe! Aliwaza jinsi Mwalimu Mlezi atakavyoisoma kwa sauti, jinsi vichwa vyote vitakavyomgeukia Sindano, na makofi yatakayofuata. Kaa la moto likawaka upya. Akaikunja barua mara nne na kuisukuma chini kabisa ya begi lake, chini ya viatu vya michezo.

Siku ya kikao, Mwalimu Mlezi aliuliza, "Jibu la kule halijafika?"

"Halijafika, Mwalimu," Chiriku alisema bila kupepesa macho.

"Tungesubiri kidogo," alisema Sindano.

"Tukisubiri, likizo itatukuta hapa hapa," Chiriku alimkata. "Na kama ngazi zingekuwa tatizo kubwa hivyo, si wangeshatuambia? Nani amewahi kumwona mtoto asiyependa bembea?"

Aliongea kama robo saa. Kura zilipopigwa, bembea ilipata saba, mteremko ukapata tano. Sindano aliinamisha kichwa, akachezea kifuniko cha kalamu yake. Chiriku alisubiri kusikia utamu wa ushindi, lakini haukuja. Alichokisikia ni lile begi, zito begani kuliko siku zote.

Wiki iliyofuata, yeye na Mwalimu Mlezi walikwenda kwenye ile shule pamoja na fundi wa kuchomelea vyuma, ili apime mahali pa kusimamisha bembea. Mjomba aliwashusha langoni akaenda kujaza mafuta.

Fundi alianza kutandaza futi yake uwanjani. Mapumziko yalikuwa yameisha, watoto wanarudi madarasani. Chiriku aliwaona wasichana wawili wamembeba mwenzao, mmoja mabegani, mwingine miguuni, wakipanda ngazi kwa hatua za kuhesabu. Wa tatu alifuata nyuma akiburura kiti cha magurudumu. Kwenye ngazi ya nne, aliyekuwa miguuni aliteleza. Wote walipiga kelele, wakamdaka mwenzao, kisha wakacheka.

"Malkia, leo umekuwa mzito! Umekula nini?"

"Nimekula maneno yenu," alijibu yule aliyebebwa, akijiweka sawa kitini mlangoni. Kisha akamwona Chiriku. "Wewe ndiye wa bembea? Tumesikia. Mimi nitawasukuma wenzangu, mikono yangu ina nguvu."

Chiriku alijaribu kutabasamu. Midomo ya Malkia ilikuwa imekauka na kupasuka. Akafungua begi lake na kutoa chupa. "Chukua maji unywe."

"Asante, lakini mimi sinywi mpaka nirudi nyumbani," Malkia alisema, kama mtu anayetaja saa ya kulala. "Nikinywa nitataka kwenda chooni, na mlango wa choo hauingii kiti changu. Kichwa huuma kidogo mchana, lakini nimezoea."

Chiriku alibaki ameishika chupa. Nyuma yake alisikia sauti ya mwalimu mkuu wa pale, mama mfupi mwenye chaki hadi kwenye viwiko.

"Bembea ni nzuri," mama yule alikuwa akisema kwa upole. "Ila nilidhani... barua yangu haikuwafikia?"

"Barua gani?" aliuliza Mwalimu Mlezi.

"Nilimpa dereva wenu, kwa mkono wangu huu."

"Dereva! Basi ameipoteza. Samahani sana, mama. Kesho asubuhi atalieleza hilo ofisini. Uzembe wa namna hii hatuwezi kuuvumilia."

Chiriku aliirudisha chupa begini. Akafunga zipu.

Baba yake alikuwa daktari wa meno. Jioni hiyo Chiriku alimsubiri kliniki kama kawaida, lakini hakugusa daftari wala biskuti. Mgonjwa wa mwisho alipotoka, baba alivua glavu, akavuta kiti.

"Mwanangu, hujasema neno tangu uingie. Nikuitie daktari?"

Chiriku akaangua kilio. Alieleza yote: magari, makofi, barua, kura, Malkia na Mjomba. Baba alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo Sindano alikukosea nini?"

Chiriku alifikiri. Alitafuta kosa, hata dogo. "Hakuna," alisema.

"Hasidi hana sababu," baba alisema. "Sasa niambie, kesho nani ataulizwa?"

"Mjomba."

"Ofisi hufunguliwa saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Basi wewe uwe pale saa moja na nusu."

"Utanisindikiza, baba?"

"Hadi mlangoni. Ndani utaingia mwenyewe."

Asubuhi Chiriku aliiweka barua mezani kwa Mwalimu Mlezi, imekunjamana na inanuka viatu. "Mjomba hakuipoteza," alisema. "Alinipa mimi. Niliificha kwa sababu nilimwonea wivu Sindano."

Mwalimu Mlezi aliisoma, akainyoosha mezani kwa kiganja. "Umefanya vibaya sana," alisema hatimaye. "Na umefanya vizuri kuja kabla hujaitwa. Lakini mimi siye wa kwanza kuombwa radhi."

Mjomba alikuwa akifuta vioo vya basi. Aliposikia habari yote, kitambaa kilisimama mkononi. "Nina miaka kumi na minne kwenye usukani huu," alisema. "Sijapoteza hata mwavuli wa mtoto. Ningesimama mbele ya wakubwa nikaitwa mzembe, na wewe ungekuwa darasani unasoma?" Chiriku alilia. Mjomba akatikisa kichwa, akampa upande mkavu wa kitambaa. "Futa uso. Usirudie tena, mwanangu."

Kwa Sindano haikuwa rahisi hivyo.

"Siku ile ulinifanya nijione nimesema upuuzi mbele ya watu," Sindano alisema. "Nilirudi nyumbani nikalia. Leo sijui kama nimekusamehe. Nikijua nitakwambia."

Kamati ilimwondoa Chiriku kwenye kiti cha mbele na kumchagua Sindano. Kura zilirudiwa, na safari hii wote kumi na wawili walichagua mteremko. Tatizo lilikuwa moja: fundi alikuwa ameshanunua mabomba ya bembea. Walimwendea kwa hofu.

Fundi alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Bomba ni bomba," alisema. "Halijui kama limezaliwa kuwa bembea. Nitayafanya vishikio vya pembeni."

Kazi ilichukua Jumamosi tatu. Mwashi alivunja na kupanua mlango wa choo. Wanafunzi wa shule zote mbili walibeba mchanga, wakachekecha kokoto, wakamwagilia zege lisipasuke. Chiriku alipangiwa ndoo za mchanga, na aliyempangia ni Sindano. Viganja vyake vilitoka malengelenge. Kila alipomwona Pacha akicheka na mwenyekiti mpya, kaa lile lilimchoma. Lakini aliinua ndoo nyingine.

Siku ya kukabidhi, Sindano alisimama mbele ya watu. Alisema sentensi mbili, kisha sauti ikamkwama. Chiriku, aliyekuwa nyuma kabisa karibu na yule mama mwalimu mkuu, aliyajua maneno yote yaliyofaa kufuata. Alijua pia kwamba akinyamaza tu, Sindano ataaibika, na watu watasema heri angekuwa Chiriku.

Kwa muda mfupi alinyamaza. Kisha akaanza kupiga makofi, kwa nguvu, peke yake. Pacha akadakia, Malkia akadakia, na uwanja mzima ukalipuka. Sindano akapata pumzi, akamaliza hotuba yake.

Mwalimu mkuu alikuwa amemtazama Chiriku muda wote huo. "Nimekuona," alisema. "Ulisita kidogo."

Chiriku aliona haya. "Bado unanijia, Mwalimu. Wivu. Nilidhani nikisema kweli utaondoka."

"Hata mimi mwenye mvi hizi unanijia," mama yule alisema. "Wivu hupiga hodi kwa kila mtu. Kosa si kuisikia hodi. Kosa ni kumfungulia, ukampa kiti, ukamwachia akuamulie mambo. Wewe ulimwachia akuamulie barua yangu, na watoto hawa wangelipa. Mtu anayetaka kutoa humwuliza anayepewa, kisha huheshimu jibu, hata kama jibu hilo litamletea sifa mwingine. Na ukishakosea, kweli unayoisema mwenyewe, mapema, ndiyo inayorekebisha. Bila ya hiyo, tungekuwa na bembea, na ngazi zetu tano."

Kengele ikalia. Malkia alizungusha magurudumu yake kwa mikono miwili, akapanda mteremko bila kuguswa na mtu, akageuka juu pale na kuwapigia kelele waliokuwa bado uwanjani:

"Wenye miguu, mnachelewa!"