Vidonge Vinne vya Alois

Kila asubuhi kabla ya shule nilifagia uwanja, nikachota maji, kisha nikamnawisha uso mdogo wangu Alois. Wiki ile ikaongezeka kazi nyingine: kumbeba mgongoni na kuteremka naye mlima hadi zahanati. Alikuwa na malaria, na umri wake miaka minne tu. Mama alikuwa Dakawa kwenye mavuno ya mpunga, na Bibi haoni vizuri. Basi dawa zikawa jukumu langu.

Zahanati yetu ilikuwa kwenye utafiti. Nesi Angelina alitueleza kwamba watoto wanaotibiwa malaria watafuatiliwa kwa siku ishirini na nane, ijulikane kama dawa mseto bado ina nguvu. Kwa siku tatu, asubuhi Alois alimeza mbele yake. Jioni nilimpa mimi, nyumbani.

Siku ya pili homa ikashuka, Alois akaanza kukimbiza kuku. Nikawaza, huyu si amepona? Mama naye kila akitoka Dakawa hurudi anatetemeka. Tena kwetu hakuna anayemaliza dawa, nusu huwekwa kwa atakayeugua kesho. Jioni ile na iliyofuata nikaficha vidonge viwili viwili kwenye kopo la kahawa tunamoweka masalio ya dawa. Nilijiona nina akili kweli!

"Jana jioni amemeza vyote?" nesi aliuliza.

"Amemeza," nikajibu, macho makavu.

Siku ya saba damu yake ilikuwa safi. Siku ya kumi na nne, ole wangu, alikuwa anachemka mwili mzima, amelegea mgongoni kama kitenge kilicholowa.

"Shikamoo, nesi," nilisema kwa sauti ndogo.

Alimtoboa Alois kidole, akainamia hadubini kwa muda mrefu. Alipoinuka, uso ulikuwa umemshuka.

"Wadudu wamerudi, Rahel. Huyu ni mtoto wa tatu kurudiwa na malaria. Inabidi niandike kwamba dawa imeshindwa."

Akachukua kalamu. Nikamshika mkono.

"Nesi, usiandike! Dawa haijashindwa. Vidonge vya jioni vinne viko nyumbani. Nilimwekea Mama."

Kabla hajanijibu, macho ya Alois yaligeuka na mwili ukakakamaa. Degedege! Nesi alimchoma sindano, gari likaitwa, akapelekwa hospitali mjini. Alilazwa huko siku nne.

Alois alirudi amekonda. Kuku walipita mbele yake, wala hakuwatazama. Nesi Angelina alikuja nyumbani, nikamkabidhi vidonge vyote vilivyokuwa koponi.

"Najua unampenda mama yako," alisema. "Lakini ulipokata dozi, wadudu waliobaki mwilini walizaana upya. Halafu ukanidanganya. Tukijaza daftari majibu ya uongo, siku dawa itakapoanza kushindwa kweli tutajuaje? Watakaokufa ni watoto. Maliza dozi, mwanangu, na ukikosea, sema siku hiyohiyo."

Nililia, naye hakuninyamazisha.

Wiki iliyofuata Mama alirudi kutoka Dakawa. Alikaa kizingitini, amejifunika khanga mbili, meno yakigongana.

"Rahel, nipe lile kopo. Hukuniwekea dawa?"

Nilimtazama Alois aliyelala mkekani.

"Hakuna kitu mle, Mama. Inuka, nikushike mkono. Twende ukapimwe."