Wawili wa Mwisho Kwenye Kamba Moja

Jumapili, tarehe ishirini na tatu Oktoba. Asubuhi hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Mawingu yalikuwa yameufunika mji kama kifuniko cha sufuria, na joto lilianza kabla jua halijaonekana. Kabla ya adhuhuri mawingu hayohayo yalipasuka juu ya msitu wa misonobari, na mvua ya mawe ikawakuta barabarani watu wawili waliokuwa nyuma ya wakimbiaji wengine wote.

Walikuwa wamefungwa kamba moja. Mwanamume alikuwa mkandaji wa misuli katika kliniki ya mjini, na hakuwa ameona mwanga tangu utotoni. Mwanamke alikuwa fundi cherehani, dada mkubwa wa mke wake, mnene, mwenye miwani mizito, na siku hiyo ndiye aliyekuwa macho yake. Kamba aliishona mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa cha suruali, akaiwekea kitanzi huku na kitanzi huku, kila mmoja avae kwenye kifundo cha mkono. Hakuna kati yao aliyewahi kukimbia kilomita arobaini na mbili maishani mwake.

Mawe ya barafu yalipiga lami yakaruka hadi magotini. Moja lilimchana Fundi juu ya jicho.

"Chini ya barabara kuna kalvati," alisema. "Hatua mbili kushoto, kisha mteremko. Kaa kitako, uteleze."

"Shemeji, nimekuja kukimbia, sikuja kubembea."

"Teleza kabla sijakusukuma."

Waliteleza. Waliingia kwenye kalvati wakiwa wameinama, wakachuchumaa juu ya kokoto, maji yakipita kati ya miguu yao. Fundi alifumba macho akaomba kimoyomoyo. Hakuomba mvua ikome. Aliomba tu asimwache mtu wa watu porini.

Kelele za mawe zilikuwa kubwa mno, hawakusikia gari lililopita juu ya vichwa vyao. Lilikuwa gari la kufagia, lile linalotembea nyuma ya mbio na kuokota walioshindwa. Dereva aliona barabara tupu mbele na nyuma, akapiga simu: hakuna mtu aliyebaki. Kwa neno hilo, watu wa meza za maji wakaanza kukunja meza zao, na wenye koni na mishale wakavitupa juu ya lori. Dereva hakuwa mtu mbaya. Alihesabu alichokiona.

Chini ya barabara maji yalipanda ghafla. Wimbi la tope liliingia kwenye kalvati likampiga Fundi ubavuni, akaanguka kifudifudi. Mkandaji alihisi kamba ikivutika hadi ikamkata ngozi. Alizungusha mkono, akajikunja juu ya jiwe, akavuta. Mikono yake ilikuwa imekanda migongo ya wapagazi na wacheza mpira miaka mingi, na haikuachia. Fundi alitoka majini akikohoa. Miwani haikutoka naye.

Walipanda ukingo kwa magoti. Mvua ya mawe ilikuwa imekwisha, imebaki manyunyu na baridi kali. Fundi alitazama mbele akaona kijani na kijivu, basi.

"Unaona nini?" Mkandaji aliuliza.

"Naona supu."

"Ina nyama?"

Fundi alicheka, kisha kicheko kikageuka kutetemeka. "Shemeji, bila miwani siwezi kutofautisha mti na mtu. Tukae hapa. Gari la kufagia litatuokota."

Wote wawili walijua maana ya kuokotwa. Mkuu wa mbio, mwalimu mstaafu aliyeitwa Mama Saa kwa sababu ya ukali wake wa muda, alikuwa amemwambia Mkandaji waziwazi: "Nakujaribu mwaka huu. Ukifika kabla ya saa nane mchana, wasioona wataruhusiwa mbio ndefu. Ukishindwa, basi, watabaki kwenye zile mita mia za uwanjani." Na nyuma ya Mkandaji walikuwepo wanafunzi wake wa ukandaji, vijana wasioona, ambao kila alfajiri walijizoeza kwa kuzunguka uwanja wameshikana mabega. Yeye alikimbia kama mtu anayeshikilia mlango kwa mguu ili wengine wapite.

"Likituokota, tumefunga mlango," alisema. "Miguu yako inauma?"

"Ukucha mmoja umeng'oka."

"Zimebaki tisa. Twende."

Wakaenda. Hawakukimbia kama wanavyokimbia wenye vipaji. Walijikokota kwa mwendo wa mtu anayewahi msiba. Lakini hawakusimama, na mtu anayejua uchungu wa mwili baada ya kilomita thelathini atawavulia kofia.

Mahali pa meza ya maji hapakuwa na meza. Fundi aliona tu doa jeupe, akainama akashika: kikombe cha karatasi kilichokanyagwa. Akaita. Hakuna aliyeitikia.

"Wameondoka," alisema.

"Wote?"

"Wote. Wametusahau, shemeji."

Koo zilikuwa zimekauka ingawa nguo zilidondosha maji. Fundi alinyoosha kikombe, akaenda nacho chini ya msonobari ulioinama, akakitingisha kwenye tawi hadi kikapata funda moja. Akampa. Mkandaji akalamba nusu, akamrudishia. Walifanya hivyo mara kadhaa, mti kwa mti, bila haraka, kwa sababu Mkandaji alishaanza kushikwa na misuli ya paja na alijua, kwa kazi yake, kwamba msuli mkavu hukaza kama waya.

Mbele kidogo barabara iligawanyika. Asubuhi pangekuwa na mshale mkubwa mwekundu. Sasa palikuwa na ukungu na njia mbili za kijivu, na Fundi asiye na miwani akasimama katikati kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua.

Mkandaji alivua viatu.

"Watu elfu wamepita kabla yetu," alisema. "Wakimbiaji hutupa vikombe. Nipe njia ya kushoto kwanza."

Alitembea pekupeku, akipapasa kwa nyayo. Kushoto, lami tupu. Kulia, baada ya hatua chache, alikanyaga kikombe, kisha kingine, kisha vitatu pamoja. Uso wake ukafunguka.

"Huku. Njia imetandikwa."

Wakashuka kulia kwa furaha. Njia iliteremka, na mteremko kwa mtu aliyechoka ni zawadi. Vikombe vilizidi. Fundi akaanza hata kumchokoza: "Kwa mwendo huu, ungekuwa unasindikiza harusi, ungefika siku ya talaka."

"Na wewe ndiye ungekuwa umeshona gauni, bado unapima kiuno."

Waliteremka sana kabla Mkandaji hajasimama ghafla. Aliinama, akashika vikombe kwa mikono. Vilikuwa vimelundikana upande mmoja, vimebanwa kwenye nyasi pamoja na majani na vijiti, vyote vimelala kuelekea bondeni.

"Shemeji," alisema polepole. "Hivi havikutupwa na watu. Vimeletwa na maji."

Fundi alivuta pumzi. Kutoka bondeni ilikuja harufu ya mbao mbichi. Kiwanda cha kupasua magogo, na baada yake hakuna barabara nyingine. Mafuriko yalikuwa yamefagia vikombe kutoka njia ya kweli na kuvimwaga kwenye njia ya uongo, nao wakavifuata kama kuku wanaofuata punje hadi jikoni.

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Fundi aliketi barabarani akaweka mkono juu ya jicho lililovimba. Damu ilikuwa imekauka hadi shavuni. "Nimechoka," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo tangu asubuhi. "Kule juu sitafika. Nenda. Nitakuombea kwa Mungu nikiwa hapahapa."

Mkandaji alipiga magoti mbele yake. Alishika mguu wake wa kulia, akabonyeza chini ya goti kwa kidole gumba, akauvuta wayo taratibu, akasugua paja kwa kiganja hadi joto likaingia. Kisha mguu wa kushoto. Msuli wa paja lake mwenyewe ulikuwa ukiruka chini ya ngozi kama samaki kwenye kapu, akauacha.

"Omba ukitembea," alisema. "Kiongozi akikaa, na mimi nimekaa. Hii kamba haina mtu mmoja."

Fundi aliomba kwa sauti, maneno machache tu: "Ee Mungu, wewe unaona. Tuonyeshe." Akasimama.

Walipanda mlima walioushuka. Walipanda kwa kupumzika kila penye jiwe la kilomita, mkono wa mmoja ukisukuma mgongo wa mwingine. Walipofika tena kwenye njia panda, Mkandaji alichukua njia ya kushoto, viatu mkononi. Hakuna kikombe. Hakuna ganda la chungwa. Maji yalikuwa yameisafisha. Fundi alikuwa karibu kusema kwamba huku nako sipo, mwenzake alipoinua pua.

"Simama."

Aligeuka kando ya barabara, akamvuta Fundi kwa kamba, akakanyaga nyasi. Zilikuwa kavu. Palikuwa na mraba mzima wa nyasi kavu katikati ya nchi iliyolowa. Akalala chini kabisa, akanusa kama mtoto anayenusa mkate. Menthol na karafuu: dawa ya kuchua misuli, mtu alikuwa ameimwaga chupa nzima.

"Hapa palikuwa na hema," alisema. "Wenzangu walikuwa hapa wakichua watu. Hii ndiyo njia, shemeji. Hii harufu ndiyo mshahara wangu."

Wakashika barabara. Msitu uliisha, zikaanza karakana, maduka ya matairi, nyumba za ghorofa zenye nguo zilizolowa barazani. Barabara ilikuwa imefunguliwa kwa magari. Ikabidi wapite juu ya mfereji, Fundi akiongozwa na ukuta aliougusa kwa mkono, Mkandaji akiongozwa na Fundi. Muuza matairi mmoja aliwaona wakipita na tope, damu, na namba vifuani.

"Mbio zimekwisha, mama," alisema.

"Za kwako," Fundi alijibu. "Saa ngapi?"

"Inakaribia saa nane."

"Uwanja?"

"Nyooka tu, kulia kwenye mataa." Muuza matairi alitazama, kisha akatupa kitambaa chake, akatangulia mbele yao barabarani akisimamisha magari kwa mikono miwili.

Mkandaji alikuwa akichechemea sasa, paja limekaza kama ubao. Fundi hakuona mataa. Aliona rangi nyekundu ikiyeyuka. Lakini walikimbia. Hakuna neno jingine. Walikimbia.

Uwanjani lango la kujazwa upepo lilikuwa limelala chini kama ngozi ya mnyama. Watu wa kujitolea walikuwa wakikunja mazulia, wakibeba viti. Gari la kufagia lilikuwa limefika punde tu, baada ya kupitia zahanati kuwashusha waliopigwa na baridi. Milango ilipofunguliwa, wawili hawakuwamo, na dereva alikuwa akigeuza gari ili arudi msituni.

Mstari wa kumalizia ulikuwa utepe, nao ulishaviringishwa. Lakini mahali ulipokuwa alisimama mwanamke mmoja mwenye mwavuli. Alikuwa mke wa Mkandaji. Watu wa kujitolea walikuwa wamemwambia asogee, mara ya kwanza kwa upole, ya pili kwa ukali. Hakusogea. "Mume wangu hajapita hapa," alisema kila mara, na wakalazimika kukunja zulia kumzunguka.

Yeye ndiye aliyewaona kwanza. Hakupiga kelele. Alifunga mwavuli tu, akajisogeza kando nusu hatua, ili wapate nafasi ya kupita.

Walipita. Fundi alianguka upande mmoja, Mkandaji upande mwingine, kamba ikiwa imenyooka kati yao.

Watu waliacha viti. Mama Saa alikuja akikimbia, mwanamke mkavu, wima, asiyewahi kuonekana akikimbia. Aliitazama saa ya mkono wake, akaitazama tena, akaigeuza kumwonyesha dereva wa gari la kufagia ili awe shahidi.

"Bado dakika mbili," alisema. "Bado dakika mbili, na sisi tumeshakunja." Alipiga goti penye tope. "Baba, nisamehe. Tuliwaacha."

"Mlihesabu mlichokiona," Mkandaji alisema, akimpapasa mkewe usoni. "Maji, tafadhali. Mpeni kiongozi wangu kwanza."

Maji yalikuja, na blanketi, na mtu wa huduma ya kwanza akaanza kuosha jicho la Fundi. Mama Saa alibaki pale chini.

"Mlango uko wazi," alisema. "Nitaandika leo hii, nitapeleka kwa kamati, na nitahakikisha..."

"Mwalimu," Mkandaji alimkatiza kwa upole, "mimi karatasi sizioni. Na wanafunzi wangu hawazioni. Sema, na hawa wote wasikie."

Kipaza sauti kilikuwa kimeshafungiwa kwenye sanduku. Mama Saa alisimama, akafuta tope kwenye goti, akawatazama wale wenye viti mikononi, dereva, muuza matairi aliyebaki kwenye geti la uwanja akihema, na mke mwenye mwavuli. Akasema kwa sauti ya darasani, neno kwa neno:

"Mbele yenu nyote, na mbele ya Mungu anayetusikia: mwakani wasioona watakimbia mbio hizi, kila mmoja na kiongozi wake. Na mstari huu hautakunjwa tena kabla mtu wa mwisho hajaupita. Watu wakichoka waende nyumbani. Mimi nitabaki, nitaushika kwa mikono yangu."