Mbuzi Watatu Ndani ya Kompyuta

Nina miaka ishirini na saba, mtoto mmoja, na bwana sina. Niliwahi kuwa naye... au ndivyo nilivyodhani. Wasomaji wenzangu, nyinyi mnaoapa kwamba mwanamume hawezi kuwachezea, hata mimi niliapa hivyo hivyo. Haya, kaeni niwaambie.

Nyumbani kwetu ni Kilungu. Baba ni mkulima wa machungwa na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Nilipomaliza shule alinipeleka Kitui mjini nikasomee taipu na kompyuta. Huko ndiko nilikokutana na Kyalo, fundi wa redio, kijana wa Matinyani mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Nikahamia kwake. Mwaka haukuisha, nikampata binti yangu Mutheu.

Sasa, kwetu Ukambani mwanamke hajaolewa mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwa babake. Mbuzi watatu tu! Unaweza kumpikia mtu miaka kumi na kumzalia watoto sita, lakini kama hao mbuzi hawajafika, wewe ni mgeni pale, na watoto ni wa babako. Kyalo alilijua hilo. Alinunua mbuzi watatu wazuri, akawaweka kwa shangazi yake Matinyani, na siku ikapangwa. Baba alifurahi mpaka akaanza kumwita Kyalo mwanangu.

Ndipo Kyalo akaenda Nairobi kutafuta vipuri vya redio. Huko akaona chumba ambamo vijana wanalipa kucheza mashindano ya magari kwenye kompyuta. Alirudi hashikiki! Chakula hali, usingizi hapati. "Mwende, Kitui yote hakuna kitu kama hicho! Hatutanunua iliyotengenezwa tayari, hiyo ni ya matajiri. Tutanunua vipande, niiunge mwenyewe."

Wiki tatu tulikaa na daftari mezani. Akiba yetu, yake ya redio na yangu ya kupiga taipu, ilikuwa na mwisho, kwa hivyo kila kipande kiligombaniwa. Kyalo alitaka kasha kubwa linalong'aa na spika za kutikisa ukuta. Nikamuuliza, kwani kasha ndilo linacheza geimu? Tuchukue kasha la mtumba hata kama limekwaruzwa, na monita ndogo, halafu pesa ziende kwa prosesa na memori. Na zaidi ya yote kadi ya picha, kile kipande kinachofanya gari kwenye skrini likimbie kama gari badala ya kurukaruka kama chura. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwenye jarida moja pale chuoni, nikajiona msomi kweli kweli. Na Kyalo alinisikiliza! Aliandika kila nilichosema. Sijui kama kuna pombe inayolevya mwanamke kuliko kusikilizwa.

Tulipojumlisha, kila kitu kilitosha isipokuwa hiyo kadi. Kyalo akasema basi tuanze bila kadi, tutaiongeza mbele ya safari.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Tangu siku hizo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba Kyalo aliuza mbuzi wangu. Uongo! Ni mimi niliyesema wauzwe. Kwa mdomo wangu huu huu... "Si kuna wale mbuzi Matinyani? Wauzwe. Mashine ikianza kuleta pesa, tutanunua wengine, hata sita."

Kyalo akafunga daftari. "Na mzee?"

"Baba niachie mimi."

Nikapanda gari mpaka Kilungu. Nikamwambia baba kwamba mbuzi wameshikwa na kikohozi kibaya na daktari wa mifugo amekataza wasitolewe zizini mpaka wapone. Nilisema hayo nikimtazama machoni, mtoto akiwa mgongoni. Baba akasema pole, mbuzi hupona, tutangoja. Angeshuku nini? Sikuwa nimewahi kumdanganya.

Mashine ikaungwa. Kyalo aliifungia skurubu ya mwisho kwenye chumba cha nyuma cha karakana yake, akaiwasha, na lile gari likateleza kwenye skrini bila kusita hata kidogo. Nilipiga kigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza ni harusi ya nani!

Na watu walikuja jamani. Wanafunzi wakati wa likizo, madereva, watoto wa wenye maduka kule karibu na msikiti. Mimi ndiye niliyekuwa nikipokea pesa. Mimi ndiye niliyefungua lile kasha kila Jumapili jioni na kupangusa vumbi la Kitui kwa brashi ya rangi, kipande kwa kipande. Kila nilipotaja mbuzi, Kyalo alikuwa na kipande kingine kichwani. Mara memori haitoshi, mara joistiki ya pili, mara diski imejaa. "Mbuzi hawaozi, Mwende." Na mimi mjinga namwambia memori gani ni nzuri!

Mwezi wa saba, siku ya Alhamisi, nikakuta mbuzi watatu wamefungwa nyuma ya karakana. Wanono, mmoja mweupe pepepe. Moyo ulinidunda! Nikamuuliza Kyalo, akajibu bila kuinua macho kwenye redio aliyokuwa akiitengeneza, "Ni wa Jumamosi hao."

Ningeuliza nini tena? Nikamwambia basi natangulia kwetu nikawatayarishe wazee. Akasema sawa, nenda. Akanipa hata nauli! Wasomaji, nimeifikiria hiyo nauli kuliko kitu kingine chochote maishani mwangu.

Jumamosi baba alivaa koti lake la kanisani. Mama alipika muthokoi wetu wa mahindi na maharagwe sufuria mbili, kuku wakachinjwa, wazee wa ukoo wakaketi uani tangu asubuhi. Saa sita ikafika. Saa nane... Baba alienda hadi njia panda mara tatu, na kila akirudi anasema labda gari limeharibika. Jua lilipoinama, wazee walimaliza chai iliyopoa, wakachukua kofia zao mmoja mmoja. Hakuna aliyesema neno baya. Laiti wangenitukana!

Kesho yake shangazi ya Kyalo akatoka Matinyani kuja kwetu, mama wa watu, akilia kabla hata hajaketi. Alisema dhamiri ilimkataza kunyamaza. Mbuzi walifika Jumamosi ile ile, ila kwa kina Ndunge, mwalimu wa shule ya msingi pale pale Kitui. Mwenye mshahara wa kila mwezi! Walipokelewa kwa nyimbo.

Jumatatu niliingia karakana. Kyalo hakushtuka wala hakuona haya. "Kwani wewe nilikuoa na nini, Mwende? Si ulikuja na sanduku lako mwenyewe?"

Na ilikuwa kweli! Hilo ndilo linalochoma. Mbele ya wazee, wake kwa wangu, nisingekuwa na kesi.

Nikampita. Nikazima mashine, vijana waliokuwa wakicheza wakapiga kelele. Nikachukua bisibisi, nikafungua lile kasha lililokwaruzwa ambalo nililichagua mwenyewe, nikang'oa kadi ya picha. Kyalo akaanza kuita mwizi, mwizi! Nikamwambia, "Hawa ni mbuzi watatu wa baba yangu. Twende polisi ukawaelezee walienda wapi." Hakunifuata. Lile gari la kurukaruka nikamwachia.

Nilifika Kilungu na kadi imefungwa kwa leso. Nikaiweka mezani mbele ya baba. Aliigeuzageuza kwa ile mikono yake ya kuchuma machungwa, akauliza ni kitu gani. Ndipo nikamwambia yote. Kwamba mbuzi waliuzwa kwa shauri langu. Kwamba hawakuwahi kukohoa hata siku moja.

Baba aliigeuza kadi mara moja tena. Halafu akasema polepole, "Mwende, wale mbuzi nimewaombea kanisani. Kila Jumapili, miezi saba. Na watu wameitikia amina."

Akanirudishia kadi yangu, akatoka kwenda kwenye michungwa.

Dada zangu, mkiwa na mtu na hajafika kwenu, msimwambie atangulize duka, wala shamba, wala mashine. Mapenzi ya kweli yanaweza kungoja kompyuta, lakini kompyuta ikitangulia haiwangojei nyinyi. Na chochote mtakachofanya, uongo msiupeleke kwa mzazi anayewaamini! Kyalo nilimlaani, nikachoka, nikamwacha. Huu uongo wangu ndio umenishinda. Kadi iko sandukuni hadi leo, na nasikia imepitwa na wakati, hata bure haichukuliwi.

Baba hajawahi kunikumbusha. Anamlea Mutheu kama mwanawe wa mwisho. Lakini mchungaji akiuliza kanisani nani ana ombi, wazee wote husimama kwa zamu, naye baba hukaa tu akitazama viatu vyake.