Ukae Kwetu

Ndani ya nyumba walikuwa watatu, na sauti zilizoitikia zilikuwa nne.

Bertilla alisikia vizuri kabisa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali penye mwanga, kitabu kikiwa mapajani na kidole kikifuata mstari kama alivyofundishwa. Mumewe Gaudensi alikuwa anasuka kapu. Binti yao Adela, mtoto wa miaka sita, alikuwa anachambua maharage. Bertilla akasoma jina la malaika lililofunga aya. Gaudensi akaitikia, Adela akaitikia, na yeye mwenyewe akaitikia. Kisha, nyuma kidogo, kama mtu aliyechelewa kuingia kanisani, akaitikia wa nne.

"Nani huyo?" Bertilla aliuliza.

"Nani?" Gaudensi hakuinua hata uso. "Ni upepo, Mama Adela. Kiangazi hiki upepo unamjibu hata anayekohoa. Wewe soma."

Naye akaendelea kusoma, maana alitamani sana kuendelea. Tusimfiche: Bertilla alikuwa na majivuno ya kusoma. Mwaka mmoja tu nyuma hakujua jina lake likiandikwa linafananaje. Walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi. Serikali ikasema watu wazima wote wajue kusoma. Mwalimu Asajile, Mnyakyusa wa Mbeya aliyepanga chumba Katandala, kule mjini, akawa anakuja na baiskeli yake mara tatu kwa wiki kufundisha kisomo kwenye kivuli cha ghala. Wenzake walisinzia, ila Bertilla alimeza kila herufi. Mtihani ulipokuja aliwaongoza wote, wanaume kwa wanawake, akakabidhiwa cheti na ufunguo wa maktaba ya kijiji.

Maktaba yenyewe ilikuwa sanduku la mbao lenye vitabu vya mbolea, ufugaji wa kuku na uchimbaji wa choo. Alivisoma vyote. Cha choo alikisoma mara nne. Mtu aliyesoma cha choo mara nne hawezi kulaumiwa akifurahi kukuta, chini kabisa ya sanduku, kitabu kisichosema habari za choo.

Kilikuwa daftari nene lenye jalada la kitambaa cha kaki, limeandikwa kwa mkono. Ukurasa wa kwanza ulisema: *Maneno ya malaika, kama walivyomwambia Polikarp, naye akaandika bila kuongeza wala kupunguza.* Polikarp alikuwa nani, hakuna aliyejua. Lakini maneno yalikuwa matamu. Yalisema habari za nuru, za utulivu, za nyumba ambayo mlango wake haufungwi. Kila aya ilimalizikia kwa jina la malaika ambaye Bertilla hakuwahi kumsikia kanisani, na chini ya jina yaliandikwa maneno mawili: *Ukae kwetu.*

Siku ya kwanza aliyosoma jina, Gaudensi alijibu "Utuombee" bila hata kufikiri. Mfipa yeyote aliyelelewa na litania angejibu hivyo. Unatajiwa jina la mtakatifu, mdomo unajibu wenyewe.

"Hapana," Bertilla alimwambia. "Hapa imeandikwa 'Ukae kwetu'."

"Lakini litania siku zote ni utu..."

"Baba Adela, anayejua kusoma ni wewe au ni mimi?"

Gaudensi akanywea. Tangu siku hiyo wote watatu waliitikia kama ilivyoandikwa, kwa sauti safi, jina baada ya jina. Alipoitikia yule wa nne, walikuwa wamekwisha kuwakaribisha kumi na mmoja.

Baada ya hapo mambo yalikuja taratibu. Kulianza harufu ya utambi wa mshumaa uliozimwa sasa hivi, na wao mshumaa hawakuwa nao. Kila jina liliposomwa, mkeka wa kule pembeni ulichakarika kidogo, kama mtu anayetafuta mkao. Bertilla akajikuta akipita chumbani kwa ubavu, amebana kanga yake, bila kujua kwa nini, mpaka siku moja alipogundua kwamba anapita hivyo kwa sababu anaogopa kukanyaga miguu ya watu.

Mchana mmoja Adela aliwekewa ugali, akaacha kula, akatazama ukutani.

"Mama, wale wengine hawali?"

"Wengine gani?"

"Hawa waliokaa."

Bertilla hakungoja asikie zaidi. Alikichukua kitabu mbio mpaka ghalani, akakitupa ndani ya sanduku, akafunga, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Aliporudi, Adela alikuwa uani, anamkimbilia kwa furaha.

"Mama, kuku ameta..."

Na hapo hapo mtoto akasimama. Hakuanguka. Alisimama mkono mmoja ukiwa umenyooshwa kuelekea tundu la kuku, mdomo wazi, macho wazi, na Bertilla alipomshika alikuwa na joto lake la kila siku, lakini kifua hakikupanda wala hakikushuka, na mama akamwita, akamtikisa, akammwagia maji, akamwita Gaudensi, na Gaudensi akaja akambeba huku analia kama mtoto mwenyewe, na ndani ya nyumba ile tupu, nyuma ya mlango uliosindikwa, kitu kama watu wengi kilikuwa kimenyamaza kwa pamoja, kama darasa linavyonyamaza likimsubiri mwalimu. Bertilla akaelewa. Alikimbia ghalani, akalifungua lile fundo la kanga kwa meno, akakifungua kitabu pale alipoishia, akasoma jina kwa kelele, akaitikia mwenyewe.

Mbali kule uani mtoto akasema, "...ga."

Maisha yao tangu siku ile yalikuwa ya kufungwa. Usiku walilala, kwa kuwa wale walihitaji mwanga wa kusomewa, na giza likawa ndiyo likizo yao. Lakini kulipokucha tu, Bertilla alianza. Jina moja lilimtosha mtoto kwa muda wa kuiva chungu cha maharage, basi, kisha linatakiwa jingine. Alisoma akikoroga ugali. Alisoma kwenye shamba la kijiji, kati ya tuta na tuta, kwa kuwa asiyefika shambani aliandikwa mtoro, na wenzake wakawa wanacheka kwamba Mama Adela sasa atageuka sista. Aliomba barua ya mwenyekiti, wakampeleka Adela hospitali mjini, yeye akisoma njia nzima. Daktari alisikiliza kifua, akasema mtoto mzima, akawapa dawa ya minyoo.

Mwalimu Asajile alipokuja, Bertilla alimvuta pembeni ya ghala.

"Mwalimu, nisomee wewe. Leo tu. Nipumzike kidogo."

Asajile alikipokea, akafunua, na uso wake ukabadilika. "Mama, hiki hukukipata kwangu. Mimi nilileta vitabu kumi na viwili, nilivihesabu."

"Kilikuwa sandukuni."

"Na umeona mwandiko?" Alikuwa ananong'ona. "Huyu hapa ndiye Polikarp. Halafu hapa, mtu mwingine. Hapa mwingine tena. Mama, kila aliyesoma alifika mahali akaanza kuandika." Akafunua mpaka nyuma, kwenye kurasa za mwisho, akakifunga ghafla. "Chukua. Tafadhali, chukua, usinifungulie tena."

Alipanda baiskeli bila kufundisha siku hiyo, na wiki iliyofuata tukasikia ameomba uhamisho. Bertilla alifunua peke yake zile kurasa za mwisho. Kulikuwa na aya tatu mpya, wino haujakauka vizuri, herufi kubwa zenye kulalia kushoto. Ulikuwa mwandiko wake. Alitazama mkono wake wa kulia, akaona wino kwenye kidole cha shahada, na hakukumbuka aliandika saa ngapi. Kitabu kisingeisha. Angekiandika na kukisoma mpaka afe, na siku akifa yeye, ndiyo siku atakayosimama Adela.

Alibaki mzee Zenon. Siku hizi alikuwa mlinzi wa ghala la kijiji, na akiulizwa alisema yeye ni mlinzi wa magunia tu, maana uganga haukupendwa na wakubwa. Lakini kabla ya kuhamishwa, watu walikuwa wakipanda kwake hata kutoka Kabwe, ziwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Nimekuwa nakusikia unavyosoma. Nilikuwa najiuliza utakuja lini."

Bertilla akamweleza yote. Zenon alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Hao si malaika," alisema. "Malaika hatafuti mahali pa kulala. Watu wa pwani wanawaita majini. Mimi siwaiti, maana ukiwaita wanakuja. Wewe umewaita mmoja mmoja kwa majina, ukawapa na nyumba."

"Uwatoe, mzee. Chukua chochote."

"Hawatoki kwa kuku. Walipita kwenye herufi. Ili nifunge mlango, nitachukua herufi."

"Herufi za kitabu?"

"Zako."

Bertilla alielewa, akalia kwa uchungu wa kweli. Kusoma ndicho kitu pekee alichowahi kukipata ambacho hakikuwa mzigo wa kutwishwa na mtu mwingine. Lakini Adela alikuwa amelala mapajani mwake, na muda wa chungu kimoja ulikuwa unaelekea kwisha. Akafuta machozi akasema, "Chukua."

"Nani mwingine nyumbani kwako anajua kusoma?"

"Hakuna."

"Basi kwa sasa hawana pa kupita."

Lile "kwa sasa" Bertilla hakulisikia. Tusimlaumu.

Walifanya jua la utosini, ndani ya nyumba yake, mlango wazi. Zenon alimwambia aandike kwenye kibao chake cha kisomo, kwa chaki, kila herufi aijuayo. Aliandika *a*. Mzee akaifuta kwa unga wa ulezi uliolowanishwa, na pembeni, kwenye mkeka, mtu asiyeonekana akainuka. Akaandika *b*, ikafutwa, akainuka mwingine, na kila herufi iliyofutwa Bertilla alihisi kitu kikimtoka nyuma ya macho, taratibu, kama jino linalong'olewa bila maumivu, na harufu ya utambi ikazidi mpaka Gaudensi akaanza kukohoa mlangoni, na vishindo vya miguu vikapita mbele yao vikitoka, kimoja baada ya kingine, bila haraka, kama watu wanaotoka misani, na Adela alikuwa amekwisha kuacha kupumua, midomo inageuka rangi, na Bertilla alitaka kuomba kitabu asome jina moja, moja tu, na hapo akaona kwamba hajui tena kitabu kinaanzia upande gani. Mwishoni Zenon akasema, "Jina lako." Akaliandika, kwa mazoea ya mkono tu. Zenon akalifuta.

Adela akavuta pumzi kwa nguvu, akaanza kulia kwa njaa.

Kitabu walikichoma uani, kikaungua kama karatasi yoyote. Cheti kilibaki ukutani na Bertilla hakujua tena kama kimetundikwa juu chini. Hakujali. Alipita chumbani kifua mbele, akitupa miguu popote, na kwa miaka miwili alimsikiliza mtoto wake akipumua, ikamtosha.

Kisha ikaja amri kwamba kila mtoto aliyefika umri aanze shule. Bertilla alimficha Adela. Alisema anaumwa. Alisema amekwenda kwa bibi yake. Katibu alikuja na mgambo mara ya kwanza kwa maneno, mara ya pili akasema Gaudensi atalala mahabusu. Bertilla akataka kukimbilia kwa Zenon, lakini mzee alikuwa amezikwa masika ile.

"Tumfungie wapi, Mama Adela?" Gaudensi aliuliza kwa sauti ndogo. "Nchi nzima inasoma."

Adela akaenda shule. Mwezi haujaisha, mwalimu wake, Silvana, alikuja nyumbani akitabasamu.

"Nani anamfundisha huyu? Darasani bado tuko kwenye irabu, lakini amejaza daftari zima. Tena kwa mwandiko wa mtu mzima!"

"Ameandika nini, mwalimu?"

"Sala, nadhani. Habari za malaika. Hongera sana, mama."

Jioni hiyo Bertilla alimkuta Adela amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, daftari mapajani. Alilinyakua, akafunua kurasa zote. Kwake zilikuwa njia za siafu. Jina lolote lingeweza kuwa pale, hata lake, na asingejua.

"Hii umeandika nini, mwanangu?"

"Ninavyoambiwa. Wanasema polepole ili nisikosee." Adela alilichukua daftari kwa upole, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma vizuri sana, bila kukwama, mpaka mwisho wa aya. Akataja jina. Kisha akamwinulia mama yake uso, akangoja.

"Mama," alisema, "hapo ndipo mnapoitikia."

Gaudensi alikuwa amesimama mlangoni. Bertilla aliubana mdomo wake kwa kiganja. Alikitazama kifua cha binti yake, kitambaa cha sare mpya ya shule, kikipanda, kikishuka, kikipanda tena, kikishuka. Halafu hakikupanda.

"Ukae kwetu," Bertilla akasema.